Wodi Nzima kwa Kidole Kimoja

Jumatatu, 2 Septemba

Leo ni miaka minne kamili tangu niondoke nyumbani. Niliaga kwa miaka miwili. Hakuna aliyeikumbuka siku hii isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi huamka kabla yangu na kuanza kulalamika.

Kazi ni ile ile. Chumba cha kufulia cha hospitali, chini kabisa, bila dirisha. Mashuka yanadondoka kupitia tundu la ukutani, mimi nayapokea. Huko juu watu wanapona au wanakufa. Kwangu yote ni madoa.

Mama watoto alipiga simu. Kifungua mimba wetu anaolewa tarehe kumi na mbili mwezi ujao. Binti yangu! Nilimwacha ana meno ya mbele yaliyopishana, sasa anaolewa. Nikauliza nani atasimama kama baba nisipofika. Mama watoto akakohoa. Nikajua. Kaka yangu mkubwa! Yule aliyekuwa akiendesha baiskeli ya nyumbani peke yake, mimi nikitembea kwa miguu mpaka nikaichoka shule nikiwa darasa la sita. Eti ameshashonesha suti. Rangi ya maziwa!

Lazima nipate likizo. Anayesaini ni Metroni wa Wodi ya Tatu, ambaye ndiye msimamizi wetu sisi watu wa chini. Mara mbili nimemwomba, mara mbili kanijibu kwamba hakuna mtu wa kushika nafasi yangu. Ajabu. Wakati wa kuongeza mishahara huwa watu wa kushika nafasi yangu wamejaa mpaka getini.

Nikapanda na mkokoteni wa mashuka safi. Nimemkuta ameshika kichwa mbele ya kompyuta. Makao makuu wanataka kila nesi amalize masomo ya mtandaoni kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo leseni hazihuishwi. Wodi yake ni ya mwisho katika hospitali nzima. Asilimia kumi na moja! Manesi wanasema hawana muda, wagonjwa wamelala mpaka sakafuni.

Nikamwuliza hayo masomo yakoje. Akanionyesha. Daktari amevaa koti jeupe anazungumza, anazungumza, halafu kinatokea kidirisha kinauliza: Bado upo? Unabonyeza: Ndiyo, nipo. Usipobonyeza, somo linarudi mwanzo. Mwisho kuna maswali. Ukikosa unarudia, mpaka upate.

Nikamwambia Metroni, kumbe kinachotakiwa ni kidole. Mimi ninavyo kumi.

Akaniangalia. Akaangalia mlango. Akaufunga.

Tumekubaliana: wodi ikifika asilimia mia, anasaini likizo yangu siku hiyo hiyo. Kaka, rudisha suti kwa fundi!

Jumatano, 4 Septemba

Kazi imeanza. Saa za mchana mashine za kukaushia zinaponguruma sina la kufanya ila kuzisikiliza. Sasa ninalo. Simu nane za manesi nimezipanga juu ya meza ya pasi, kila moja imelala juu ya foronya yake kama mgonjwa. Madaktari wanane wakaanza kuhutubu kwa pamoja. Nikawazima sauti wote. Sijawahi kunyamazisha madaktari wengi hivyo maishani.

Bado upo? Nipo! Bado upo? Nipo! Nyumbani sipo, ila humu nipo katika watu wanane.

Maswali yalinitisha mwanzoni. Maneno marefu kama treni. Lakini nimegundua jambo: ukikosa, mtambo wenyewe unakuonyesha jibu sahihi kwa rangi ya kijani. Basi nakosa kwanza kwa makusudi, naandika herufi kwenye kipande cha boksi la sabuni, narudia, napata zote. Wala husomi swali. Nimeyapumzisha macho yangu.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Sista Cheko. Tunamwita hivyo kwa sababu anacheka hata mgonjwa akimtapikia. Somo lake: majeraha ya moto. Amefaulu vizuri sana. Nilipompelekea habari alicheka akasema Baba Mashuka, wewe ungekuwa mume wangu ningekuwa daktari sasa hivi.

Jumamosi, 7 Septemba

Asilimia hamsini na nane! Metroni ananiita "baba". Manesi waliokuwa wakinipita kama ndoo iliyosahauliwa kwenye korido sasa wananiulizia goti langu. Mmoja kaniletea mto wa kukalia. Heshima nzuri, ingawa mto una doa ambalo nimelitambua.

Tatizo ni mtu mmoja tu. Kuna nesi wanamwita Profesa. Wanamwita hivyo kwa kumcheka, si kwa kumsifu. Nilimwomba simu yake kwa adabu zote. Akakataa! Eti anasoma mwenyewe.

Kusoma! Nimemwona kwa macho yangu. Anakula huku anaangalia. Anasimamisha, anarudisha nyuma, anasikiliza tena, halafu anachukua mto na kuufunga bandeji, anaufungua, anaufunga tena. Somo moja analila wiki nzima. Kwa mwendo huo atamaliza mwakani, na kaka yangu atakuwa ameshazaa wajukuu wangu.

Nikamweleza habari za harusi ya binti yangu. Nikatia na huzuni kidogo sautini. Akanipa hongera, akanipa pole, kisha akauliza kwa upole kabisa: baba yangu, mtihani ukifanywa na kidole chako, mgonjwa atahudumiwa na nani? Kidole?

Jeuri. Watu wa namna hii ndio wanaochelewesha maendeleo.

Alhamisi, 12 Septemba

Wodi nzima imemaliza isipokuwa Profesa. Asilimia tisini na sita, na zimegoma hapo kama punda.

Jumatatu nilijaribu hila ya kwanza. Nikajitolea kumtandikia vitanda vyake vyote ili apate nafasi. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Nafasi akaipata. Akaitumia kurudia somo alilokwisha kulifaulu, eti kuna kitu hakikumkaa sawasawa!

Jana nikajaribu ya pili. Nikamwambia nimesikia mtandao utafungwa kwa matengenezo, hivyo afanye haraka. Akasema ahsante kwa taarifa, akayapakua masomo yote kwenye simu yake ili ayasome pole pole bila mtandao. Sasa mwanamke ana masomo ya kumtosha uzeeni, na nimemsaidia mwenyewe.

Mpishi, ambaye tunalala chumba kimoja, kaniambia nimwache mtoto wa watu asome. Nikamwambia yeye akoroge uji wake.

Jumanne, 17 Septemba

Nimeungua. Bomba la mvuke la pasi kubwa limenitemea mkono wa kushoto, kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Nilikuwa naangalia simu badala ya bomba. Nilipiga ukelele ambao bila shaka ulipanda kwa lile tundu la mashuka, maana juu walifikiri kuna mgonjwa kadondoka humo.

Nikakimbilia wodini. Zamu ilikuwa ya Sista Cheko. Nikashukuru moyoni, nikajua nimefika kwa mwenye cheti cha moto. Cheti kimebandikwa ukutani, nyuma ya kichwa chake!

Akautazama mkono. Akacheka kidogo, kicheko cha wasiwasi. Kisha akaniinamia sikioni akauliza: Baba Mashuka, lile somo lilisema tufanyeje?

Nikamwambia sista, mimi ndiye mgonjwa.

Akasema najua, lakini wewe ndiye uliyesoma.

Nikafumba macho. Nikakumbuka yule daktari wa koti jeupe, mdomo wake ukichezacheza bila sauti. Nikakumbuka meza ya pasi. Nikakumbuka kipande cha boksi la sabuni. Nikamwambia kwa uhakika kabisa: lilikuwa C.

C ndiyo nini, akauliza.

Sijui. C tu.

Tukatazamana. Wagonjwa wa vitanda vya jirani nao wakatutazama. Mwisho akachukua pamba kavu, akaibandika mkono mzima juu ya malengelenge, akafunga kwa nguvu kama anafunga gunia la mkaa. Akaniambia nisijali, C lazima ilikuwa hivyo hivyo.

Unauma. Naandika kwa meno yaliyokazwa.

Jumatano, 18 Septemba

Pamba imeganda. Haitoki. Mkono umefura na una manyoya kama kifaranga. Mpishi alijaribu kuvuta nyuzi kidogo, nikamtukana yeye, ukoo wake na uji wake.

Profesa kanikuta kwenye lifti. Hakuuliza ruhusa. Kanishika bega, kanipeleka wodini, kanikalisha, kaloweka mkono kwa maji ya chumvi safi ya hospitali, akasubiri. Akawa anatoa pamba unyuzi mmoja mmoja, bila haraka, huku akinieleza: ungeuweka papo hapo chini ya maji ya bomba yanayotiririka, yasiyo baridi kali, kwa muda mrefu, halafu ufunikwe na kitu kisichogandana na ngozi. Nikamwuliza kayajua wapi. Akasema kwenye lile somo, baba yangu. Alisimamisha hapo mara tatu.

Kaufunga vizuri. Maumivu yameshuka nusu. Kidole gumba kimerudi kuwa kidole.

Lakini nani atanirudishia muda? Robo tatu ya saa nzima kashinda na mkono wangu. Robo tatu ya saa! Angeweza kumaliza somo zima. Ubinafsi mtupu.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimefanya. Sikuwa na njia nyingine. Zimebaki wiki tatu tu.

Profesa aliitwa kumsaidia mama mmoja aliyekuwa anahangaika na pumzi. Simu yake ilibaki juu ya kabati la dawa, inachajiwa. Nikaifunika kwa shuka, shuka nikalitia mkokotenini, mkokoteni nikausukuma mpaka kwenye stoo ya mablanketi. Namba ya kuifungulia niliijua. Wodi nzima inaijua, anaibonyeza mbele za watu kila anapokula.

Nikaanza kubonyeza kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye bandeji aliyoifunga Profesa mwenyewe. Masomo yaliyobaki ni mengi ila mafupi mafupi. Nipo, nipo, nipo. Nikayasikia maungo yangu ya uzeeni yanacheza harusini.

Katika somo la mwisho likatokea jambo jipya. Kikatokea kiduara, kikasema: weka uso wako hapa ili tuthibitishe ni wewe. Sijawahi kukiona kile. Nikasubiri kiondoke. Hakikuondoka. Kikaanza kuhesabu kurudi nyuma!

Nilikuwa peke yangu na mablanketi. Nikaweka wangu.

Kikafikiri kidogo. Kikasema: ahsante, uso wako umesajiliwa. Kumbe hakichagui. Nikapangusa jasho, nikairudisha simu kabatini ikiwa bado ya moto. Mama wa pumzi amepona. Kila mtu kapata chake.

Jumatatu, 23 Septemba

ASILIMIA MIA!

Wodi ya Tatu ni ya kwanza katika hospitali nzima, na hospitali ni ya kwanza kuliko zote zilizo chini ya makao makuu. Mkubwa kutoka makao makuu kafika na mpiga picha. Kahutubu mlangoni mwa wodi. Kasema takwimu zinaonyesha wazi kwamba ujuzi umepanda, na kwamba njia hii inafanya kazi kuliko hata walivyotarajia. Kamgeukia Sista Cheko, kamwuliza amenufaika vipi. Sista kacheka. Mkubwa naye kacheka. Picha ikapigwa hapo.

Mimi nilikuwa nyuma nimeshika mkokoteni. Katika picha naonekana nusu sikio.

Metroni hakunigeuka. Kasaini! Likizo ya siku thelathini, kuanzia tarehe tano Oktoba. Nikampigia mama watoto papo hapo. Alilia. Nikamwambia amwambie kaka suti ile ataivaa siku ya mazishi yake mwenyewe. Akasema hawezi kusema hivyo. Nikamwambia basi aseme kwa upole.

Kitu kimoja tu kimenitilia mchanga kwenye kitumbua. Jioni Profesa kateremka mpaka huku chini, mara ya kwanza tangu nianze kazi. Kanionyesha simu yake. Masomo yote yameandikwa "Umehitimu" na yamefungwa. Hayafunguki tena, hata yale aliyoyapakua. Hakupiga kelele. Kasema wiki iliyopita alikuwa ameanza somo la akina mama wanaotokwa damu baada ya kujifungua, na alikuwa hajafika mahali panapoeleza ufanye nini. Kisha kanitazama mkono, kauliza kama bandeji imebadilishwa. Kaibadilisha. Kaondoka.

Angepiga kelele tu ingekuwa afadhali. Lakini cheti si kapata? Wengine hawana shukrani.

Ijumaa, 27 Septemba

Pigo.

Tangazo limebandikwa kila ukuta. Kwa kuwa mafunzo ya mtandaoni yamefanikiwa kiasi hiki, na hasa kwa mfano bora wa Wodi ya Tatu, sasa ni lazima kwa kila mfanyakazi: wapishi, walinzi, wafagizi, na chumba cha kufulia. Asiyemaliza hapewi likizo. Maombi yote ya likizo sasa yanapitia kwenye mtambo ule ule. Saini za mkono zimefutwa, hata zilizokwisha kutolewa.

Yaani nimelisukuma gurudumu mwenyewe mpaka likanipanda kichwani.

Nimetulia. Somo langu ni la kunyanyua mizigo na kujikinga na mvuke. Wodi nzima nimeifaulisha, nitashindwa na mvuke? Jumatatu nalimaliza, Jumamosi nasafiri.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimefungua kwa jina langu. Mtambo umetaka uso kabla ya yote. Nikaupa. Nilikuwa nimenyoa kabisa.

Ukajibu: uso huu tayari unatumiwa na mfanyakazi mwingine. Chini yake likaja jina la Profesa, kazi yake, na pongezi kwa kuhitimu masomo yote.

Nikavaa kofia. Nikavua. Nikanuna, nikatabasamu. Nikamwomba Mpishi anishikie taa kwa pembeni. Kila mara: Karibu tena, Sista!

Mpishi kacheka mpaka kakaa chini.

Nikapanda mbio kwa Metroni. Ufumbuzi upo, na ni mwepesi: Profesa aandike kwamba masomo hayakufanywa na yeye, uso ufutwe, arudie yake na mimi nianze yangu. Profesa aliitwa, kasema yuko tayari dakika hiyo hiyo, tena kwa furaha. Lakini Metroni kakataa kata kata. Wodi itashuka chini ya mia. Mkubwa alishapiga picha. Halafu watauliza na wengine walisoma vipi. Kaniambia kwa sauti ya chini: baba, unataka tufe wote kwa ajili ya harusi moja?

Nikamjibu kwamba ni ya binti yangu.

Kasema anajua, na anasikitika. Kisha kauliza kama mashuka ya chumba cha upasuaji yako tayari.

Jumamosi, 12 Oktoba

Harusi imefanyika. Niliihudhuria kwa simu, nimekaa juu ya lundo la mashuka machafu, mashine nimezizima ili nisikie. Mwenye kushika simu upande wa pili alikuwa anatembea sana. Nimeona dari. Nimeona viatu. Nimeona kipande cha shela.

Kisha kaona busara kutulia, nikamwona binti yangu. Meno yake yamenyooka. Sikujua. Hakuna aliyeniambia kwamba yamenyooka.

Pembeni yake suti ya rangi ya maziwa. Imemkaa vizuri, lazima niseme ukweli. Kaka alimshika mkono akatembea naye taratibu kuliko nilivyodhani anaweza kutembea. Alikuwa analia. Yeye! Nilitaka kumchukia, mtandao ukakatika hapo hapo, sikupata hata nafasi ya kumchukia vizuri.

Nikawasha mashine.

Jumanne, 22 Oktoba

Habari njema! Profesa kamzunguka Metroni. Kaandika mwenyewe makao makuu kwamba hakuyafanya masomo yake, wala hakutaja ni nani aliyemfanyia. Wamemwonya kwa barua, wamemrudisha sifuri. Anapita koridoni na simu yake na mto wake, anafunga, anafungua, ana furaha kama mtu aliyeokota kitu. Wodi ni asilimia tisini na sita. Metroni hamsalimii. Mimi nimesafishwa uso mtamboni.

Kanifuata huku chini kuniambia. Kasema somo langu ni zuri, lina mambo ya goti pia, jinsi ya kunyanyua bila kuliumiza. Kajitolea kukaa nami saa za mchana, tusimamishe pale nisipoelewa. Nikamshukuru sana. Nikamwambia tutaanza kesho. Mtu mwenye moyo, siwezi kukataa.

Lakini kukaa, kusimamisha, kurudisha nyuma! Mimi sina umri huo. Na mama watoto kapiga simu jana, sauti ya chini, kusema binti ameanza kuchukia harufu ya vitunguu. Kanikataza kumwambia mtu. Mjukuu! Kaka yangu hatamshika kabla yangu, naapa.

Basi nimezungumza na Mpishi. Yeye ana muda mwingi wakati maharage yanachemka. Simu yangu nimempa, na namba ya kuifungulia. Kauliza afanyeje ikileta maswali magumu. Nikamwambia kwanza akose, aangalie ya kijani. Kauliza na ikitaka kitu kingine? Nikamwambia ikitaka chochote aipe tu, mradi iende mbele.

Kesho kutwa somo litakuwa limekwisha. Nimemtumia ujumbe mama watoto: aniwekee nafasi kwenye picha. Mwezi wa nne niko nyumbani, ukizidi sana wa tano.